Shairi la mbegu nililolisoma huku naotesha mkwaju

Mashairi mengi ya miti huwa yananichosha, niseme tu ukweli. Mshororo wa kwanza ni mti, wa pili mti umeshakuwa elimu, wa tatu umekuwa mama, wa nne umekuwa taifa, na ukimuuliza aliyetunga hivi huo mti ni mti gani, una majani ya namna gani, unazaa nini, anakuangalia kama umemvunjia heshima. Mti wenyewe haupo. Umegeuzwa msumari wa kutundikia hoja ambazo zingeweza kusemwa vizuri tu bila mti wowote. Mi si mtaalamu wa fasihi, ni msomaji wa kawaida ninayependa mashairi ya vina na mizani kwa sababu yanakaa kichwani hata ukiwa unaosha vyombo, ila hilo la miti isiyo miti limenikera kwa muda mrefu.

Sasa kuna mzee mmoja tuliwahi kufanya kazi pamoja, kwa sasa amestaafu, ana daftari lake la mashairi ambalo haonyeshi mtu hovyo. Siku moja akanitumia picha ya ukurasa mmoja kwenye simu, hamna salamu, hamna maelezo, ukurasa tu na mwandiko wake ule wa kulala upande. Nimemwomba ruhusa ya kuliweka hapa, akasema weka lakini jina langu liache huko huko. Basi ni hili:

Mbegu nimeichukua, kiganjani naishika,
Kavu, haijachanua, bado haijaamka,
Ndani yake sijajua, nini kimehifadhika,
Imelala, haikufa, nani wa kuiamsha?

Nimeifukia chini, na kando nimesimama,
Asubuhi na jioni, nakuja kuitazama,
Sioni kitu, sioni, udongo na mimi, jama!
Imelala, haikufa, nani wa kuiamsha?

Kumbe mzizi hushuka, jani nyuma linangoja,
Gizani unatoweka, kwenda chini, njia moja,
Kisha shingo yainuka, imepinda, ni kioja,
Ililala, haikufa, ni nani kaiamsha?

Jani likanywa mwangaza, kidogo tena kidogo,
Na shina likajikaza, likauweza mzigo,
Na hili lanishangaza, upepo ukawa gogo,
Ililala, haikufa, ni nani kaiamsha?

Leo kivuli kipana, ndege wamejenga juu,
Chini wanacheza wana, vitukuu, wajukuu,
Mbegu nyingine naona, yagonga wangu mguu,
Imelala, haikufa, nani wa kuiamsha?

Ni tarbia ya kawaida kabisa, mishororo minne, mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetulia isipokuwa kwenye kibwagizo ambacho kinajitegemea. Ukiwa na haraka utasema mbona rahisi. Na kweli ni rahisi, hamna neno la kutafuta kwenye kamusi, hamna mafumbo ya kuumiza kichwa. Nililipenda kwa sauti yake kwanza, hasa pale "sioni kitu, sioni", afu nikalisoma na wenzangu wachache tunaokutanaga kusomeana mashairi, na ndo pale vita vilipoanza.

Mmoja akasema mbegu ni mtoto, kuamsha ni malezi. Mwingine akasema mbegu ni kipaji. Wa tatu akaja na imani na ufufuo, akanukuu na maandiko. Wote walikuwa na hoja nzuri, siwabezi, lakini nikajikuta nauliza swali ambalo lilionekana la kipuuzi pale mezani, kwamba jamani hii mbegu ni mbegu ya mti gani? Wakacheka. Nikawaambia angalieni, amesema "kavu", neno la kwanza kabisa la mshororo wa pili. Mbegu ya mwembe ukiikausha mpaka ikawa kavu kweli kweli umeiua. Ya parachichi hivyo hivyo, ya kakao ndo kabisa, hizo ni mbegu zinazotaka unyevu wake ubaki nao, zikikauka kiinitete ndani kinakufa na hakuna wa kuamsha tena hata umwage mto mzima. Kwa hiyo mtu anaposema kavu halafu akasema imelala haikufa, ama hajui anachosema, ama anaongelea aina nyingine ya mti, wenye mbegu ya ganda gumu inayoweza kukaa imekauka muda mrefu na uhai wake umo ndani. Yaani neno moja limeshafuta miti mingi.

Nikampigia mzee. "Shikamoo mzee, ile mbegu ni ya mti gani?" Akakaa kimya kidogo, afu akacheka kile kicheko chake cha puani. "Marahaba kijana. Wewe ndo mtu wa kwanza kuniuliza hilo. Mkwaju." Akakata simu, ndo alivyo.

Nikaamua nitalisoma lile shairi na mkwaju mkononi. Yaani kila ubeti nitaupima na mbegu yenyewe, nione kama mzee aliangalia au alibuni tu akiwa amekaa kwenye kiti. Naona huo ni mtihani wa haki kwa shairi lolote la maumbile, kabla hatujafika kwenye malezi na kipaji na ufufuo.

Mbegu ya mkwaju ukiishika kiganjani kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni kitu kilichotengenezwa kiwandani. Rangi ya kahawia iliyoiva, inang'aa, bapa, kingo zake haziko sawasawa, kuna ya pembe nne na kuna inayokaribia duara, na ni ngumu kiasi kwamba ukiibana kwa kucha kucha ndo inaumia. Ukiidondosha sakafuni inalia kama kokoto. Hakuna dalili yoyote ya uhai, hakuna harufu, hakuna ulaini mahali popote. "Ndani yake sijajua, nini kimehifadhika", nikaona kumbe huyu mzee hakusema hivyo kupata kina cha -ka, alisema hivyo kwa sababu ukiishika ndo kitu pekee cha kusema.

Na hilo la kulala si maneno ya ushairi tu. Kuna mbegu za mtende zilizochimbuliwa miaka ya 1960 kwenye magofu ya Masada karibu na Bahari ya Chumvi, zilikuwa na umri wa miaka kama 2000 hivi, zikawekwa tu. Mwaka 2005 wakapanda kadhaa na moja ikaota, mtende dume, wakaupa jina Methuselah. Miaka 2000 kavu, halafu jani. Sasa niambie mtu aliyeandika "imelala, haikufa" ametia chumvi wapi.

Swali la nani wa kuiamsha lina jibu la ufundi pia. Mbegu ya aina hii ganda lake linazuia maji yasipite kirahisi, kwa hiyo hata ukiifukia kwenye udongo wenye unyevu inaweza kukaa tu muda mrefu. Porini ganda hulegezwa na mambo mengi, tumbo la mnyama aliyekula tunda, joto, kusuguliwa na mchanga, wadudu. Mi nilitumia msasa, nikasugua upande mmoja taratibu mpaka ile rangi ya kahawia ikatoka na weupe wa ndani ukaanza kuchungulia, upande wa mbali na kile kikovu kidogo ambapo mbegu ilikuwa imeshikwa na tunda, maana mzizi unatokea karibu na hapo na hutaki kuuchubua. Nyingine nikazimwagia maji ya moto yaliyotoka kuchemka muda si mrefu nikaziacha humo mpaka kesho yake. Zilizokubali zilivimba zikawa kubwa ajabu, ganda likawa linateleza na kukunjamana, ukiigusa unajua kabisa kitu kimeanza. Zile ambazo hazikuvimba zilibaki vile vile, kokoto.

Sasa ubeti wa pili. Huu ndo ubeti ambao wenzangu wote waliupita haraka, mmoja akasema hata ungeondolewa shairi lisingepungukiwa kitu kwa sababu hakuna kinachotokea. Mi nasema huu ndo bora kuliko yote na nitalitetea hilo mpaka mwisho.

Angalia vitenzi. Nimeifukia. Nimesimama. Nakuja. Kuitazama. Sioni. Sioni. Vyote ni vya mimi! Mbegu kwenye ubeti huu, mpaka ufike kibwagizo, haifanyi kitu hata kimoja, inafanyiwa tu na kutazamwa. Mpandaji ndo anahangaika juu ya udongo anakwenda anarudi, na ule mshororo wa tatu unasimama pale pale, "sioni kitu, sioni", nusu hiyo inaanza na sioni inaishia na sioni, katikati kuna kitu ambacho hakionekani. Ukiusoma kwa sauti lazima upumzike pale kati kabla ya "udongo na mimi, jama!" na hilo "jama" linatoka kama la mtu anayeongea peke yake, ameshachoka. Mtu ambaye hajawahi kungoja mbegu hawezi kuandika hivyo, angeweka mvua, angeweka jua, angeweka dua, angejaza ile nafasi na kitu chochote cha kupendeza. Mzee ameiacha tupu.

Na mimi nilikuwa pale pale. Unamwagia maji unajiuliza yamezidi au yamepungua. Unapata hamu mbaya sana ya kufukua uone, na ukifukua umeharibu. Niliweka mbegu kadhaa kwenye udongo na moja nikaiweka kwenye chupa ya kioo, nimeibana na pamba yenye unyevu ukutani mwa chupa ili niweze kuiona bila kuisumbua, na hiyo ya kwenye chupa ndo iliyonifungulia ubeti wa tatu.

"Kumbe mzizi hushuka, jani nyuma linangoja." Ni kweli tupu. Ganda lilipochanika, kilichotoka ni kijincha kimoja cheupe, kinene kidogo, kimechongoka, na hakikuuliza njia. Kikaelekea chini. Hapakuwa na jani, hapakuwa na dalili ya jani, na kwa siku kadhaa kazi yote ilikuwa ni huo mzizi tu unarefuka unatoa na vinywele vidogo vidogo kama ukungu pembeni. Nikafanya utundu, nikailaza chupa ubavu. Kesho yake ncha ilikuwa imeshakunja kona, inaelekea chini tena, chini mpya. Nikaigeuza tena, ikakunja tena. Ukauona mzizi una kona mbili kama ngazi.

Nilikwenda kusoma inajuaje. Kwenye ncha ya mzizi kuna seli zenye chembe za wanga ambazo ni nzito, zinazama upande wa chini wa seli kama mchanga kwenye glasi ya maji, ukigeuza mzizi chembe nazo zinahamia kwenye chini mpya, na mzizi unakua kufuata hapo. Charles Darwin na mwanawe Francis walihangaika na jambo hili wakachapisha mwaka 1880, waligundua ukiikata ile ncha mzizi unapoteza mwelekeo, na Darwin akafika mahali pa kusema kwamba ncha ya mzizi inafanya kazi kama ubongo wa mnyama wa daraja la chini. Mzee wangu hajawahi kunitajia Darwin wala chembe za wanga, yeye kaandika "kwenda chini, njia moja" na imetosha, mizani nane.

Afu ile shingo. "Kisha shingo yainuka, imepinda, ni kioja." Hapa nilimshangilia mwenyewe chumbani. Zile za kwenye udongo zilipoanza kutokeza, hakuna iliyotoka na kichwa juu. Kilichotokeza kwanza ni mgongo, kitao cheupe chenye ujani kidogo, ncha zote mbili zimo bado udongoni, mzizi upande huu na kichwa upande ule. Inavyofanya ni kwamba inasukuma udongo kwa mgongo halafu inakivuta kichwa nyuma nyuma, ili lile chipukizi laini la juu kabisa lisichubuliwe na udongo. Ikishapata mwanga ndo inanyooka. Kwa hiyo washairi wote wanaoandika kwamba mche "uliinua kichwa ukalitazama jua" wamesema uongo, samahani, mche unatoka umeinama. Na mkwaju unatoka na kotiledoni zake mbili nene, yaani vile vipande viwili vya ndani ya mbegu, zimebanana, moja ya kwangu ilitoka bado imevaa nusu ya ganda kichwani, ikakaa nalo hivyo mpaka lilipodondoka lenyewe, na nilijizuia kulibandua kwa nguvu zangu zote.

Kitu kingine kwenye ubeti huu ambacho nilikiona baada ya chupa. Mimi hayupo. Ubeti wa kwanza ulikuwa nimeichukua, naishika, sijajua, wa pili wote mimi mimi mimi, huu wa tatu kitenzi cha nafsi ya kwanza hata kimoja hamna. Mzizi unashuka, jani linangoja, shingo yainuka. Mpandaji katolewa nje ya ubeti. Na hapo hapo ndo kibwagizo kinabadilika wakati, "ni nani kaiamsha?", na ukiangalia vizuri huyo nani hawezi kuwa yule aliyekuwa amesimama kando anasema sioni, maana hata kwenye sentensi hayumo. Nilimuuliza mzee kama alikusudia. Akasema, "Mi niliandika nilichoona. Pale mi sikuwa na kazi." Sijui kama hilo ni jibu au ni kunikwepa, lakini nimeliweka.

Ubeti wa nne ndo ulionichukua muda. Jani kunywa mwangaza sawa, "kidogo tena kidogo" sawa, nzuri hata. Tatizo lilikuwa "upepo ukawa gogo". Tulipolisoma na wenzangu wote tulikubaliana kwamba hapo mzee alikwama na kina cha -go, alishatumia kidogo, alishatumia mzigo, akabaki na gogo na hakujua aliambatanishe na nini akaweka upepo. Mmoja akapendekeza "udongo ukawa gogo", mizani inakubali, na kimantiki ndo inaeleweka, si mti unatoka kwenye udongo.

Haya, kuna bwana mmoja aliitwa Jan Baptist van Helmont, alifariki mwaka 1644, na maandishi yake yakachapishwa miaka minne baadaye. Alichukua chombo akaweka udongo mkavu alioupima, kama kilo 90 hivi, akapanda mche wa mti uitwao wilo (willow) wa kilo mbili na kitu, akawa anamwagia maji tu. Baada ya miaka 5 akaung'oa akaupima, zaidi ya kilo 75. Akaukausha udongo akaupima, ulikuwa umepungua gramu kama 60 tu. Gramu 60! Kwa hiyo mti haukula udongo. Van Helmont mwenyewe akahitimisha kwamba basi mti umetokana na maji, na hapo alipata nusu, kwa sababu habari ya hewa ilikuwa bado haijaeleweka. Leo tunajua jani linachukua hewa ukaa kutoka hewani, kwa nguvu ya mwanga linaiunganisha na maji linatengeneza sukari, na hiyo sukari ndo inajengwa kuwa mbao. Mbao ikishakauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na hiyo kaboni ilikuwa hewani inaelea.

Upepo ukawa gogo. Sio picha, sio tamathali, ndo maelezo yenyewe! Na mzee kaweka mbele yake "na hili lanishangaza", yaani amerudisha nafsi ya kwanza kwenye shairi kwa mara ya kwanza tangu ubeti wa pili, na kairudisha kuja kushangaa tu, si kufanya. Nilipowaambia wenzangu, yule wa "udongo ukawa gogo" alinyamaza kidogo akasema basi sawa, lakini watu wengi hawatajua. Ni kweli hawatajua. Mi naona afadhali shairi lijue zaidi ya msomaji kuliko msomaji ajue zaidi ya shairi, mambo ya kujua mtu anaweza kwenda kutafuta.

Kuna kitu ambacho nilitamani kiwemo na hakimo. Mkwaju mchanga ukishatoa majani ya kweli, yale ya vijani vidogo vidogo vilivyopangwa jozi jozi kwenye kikonyo kimoja, jioni jua likizama vile vijani vinajikunja, jozi kwa jozi, vinabanana, na asubuhi vinafunguka tena. Mti unalala. Nilikaa na mche mmoja jioni moja mpaka giza likaingia nione unavyofanya, na huwezi kuona ukitembea, unaangalia pembeni ukirudisha macho umeshabadilika. Kwa shairi lenye kibwagizo cha "imelala" hiyo ilikuwa zawadi imekaa mezani! Nikampigia mzee kwa furaha kabisa, nikamwambia mbona hukuweka majani yanavyolala. Akasema, "Hilo ni shairi lingine, mwanangu. Hili la mbegu." Nikabisha, akabisha, na sasa hivi nadhani yeye yuko sahihi, angeweka hilo kila mtu angesema aah ndo maana ya kibwagizo na wangefunga ukurasa.

Ubeti wa tano hapo mimi na yeye hatujapatana. Mishororo miwili ya kwanza naiona ya kawaida mno. Kivuli, ndege, watoto wanacheza chini, hayo ndo yale yale ambayo kila shairi la mti linamalizia nayo, na mbaya zaidi ni ile "leo". Leo! Jana gogo leo kivuli kipana na vitukuu. Mkwaju uliotoka kwenye mbegu unaweza kukaa miaka 7 na zaidi kabla haujazaa hata tunda moja, ni mti wa pole pole, unajenga mzizi mkuu kwenda chini wakati juu bado kunaonekana kajiti tu. Mtu aliyekuwa na subira ya kutupa ubeti mzima wa kutoona kitu, anawezaje kuruka miaka yote hiyo kwa neno moja? Mche wangu mwenyewe haujafika popote wa kuitwa mti, nimeshauhamisha kwenye chombo kirefu zaidi kwa sababu ya huo mzizi, na kivuli chake kinatosha sisimizi labda.

Mshororo wa tatu unamwokoa, nakubali. "Mbegu nyingine naona, yagonga wangu mguu." Ningeweza kubishana kwamba kwa mkwaju kinachoanguka ni tunda zima na ganda lake wala si mbegu peke yake, ila nimemsamehe kwa sababu ya hiyo "yagonga". Mbegu ndo imemgonga yeye. Kwenye ubeti wa kwanza yeye aliichukua, sasa yenyewe imemfuata, na kibwagizo kinarudi kwenye wakati uliopo bila kubadilishwa silabi, na kinamhusu mwingine kabisa, mbegu nyingine. Hiyo imefanyika kwa akili sana. Lakini lile pengo kati ya nne na tano bado linanisumbua.

Nikamwambia mzee, kati ya hapo panahitaji ubeti, wa ile miaka ambayo mti upo lakini hauna faida kwa mtu. Akasema hawezi, shairi lake ameshalifunga, kama nauona huo ubeti basi niuandike mimi. Alidhani nitakataa. Nikakaa nao jioni kadhaa na mche mbele yangu, nikapata mshororo wa kwanza nikamsomea kwenye simu: "Mwaka wa kwanza na wa pili, mche bado uko gotini."

Kimya. Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini, na najua anahesabu kwa vidole maana ndo kawaida yake.

"Tisa," akasema. "Na huku tisa. Toa hiyo 'na'. Mwaka wa kwanza, wa pili. Si unasikia? Na huku sema ungali, mche ungali gotini."

Nikaurudia. Ukakaa.

"Haya," akasema, "bado miwili. Kibwagizo ninacho."